Fremu Kumi na Moja za Mkono

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila goti la Mama limekuwa kama mtoto mchanga: likiamka, nyumba nzima inaamka. Daktari alimpa dawa ya kupaka na amri ya kupunguza uzito. Mama amechukua dawa, amri akamwachia mwenyewe. Mume wangu bado yuko safarini na lori. Sikupigii simu kwa sababu mara ya mwisho nilikuambia nina homa ukanipa hongera. Najua masikio yako yaliishia kwenye zile feni zenu za kutengenezea upepo wa filamu, kwa hiyo kalamu na ifanye kazi.

Sasa neno lililonikalisha chini. Pale kazini, kwenye ghala la filamu za zamani, tumeletewa filamu yenu ya tufani, ile ya meli. Mkanda umechakaa, una ukungu na mikwaruzo. Tumeunakili kwenye kompyuta, na mimi ndiye niliyepewa kuusafisha, picha moja moja. Sekunde moja ya filamu ni picha ishirini na nne, ambazo sisi tunaziita fremu. Naishi ndani ya tufani yenu tangu mwezi uliopita. Nikifika nyumbani nashangaa kukuta nguo zangu ni kavu.

Natamani kujua mlivyofanya. Mvua yenu inaonekana tone kwa tone, wakati mimi nikiipiga picha mvua ya kweli hapa dirishani haionekani kabisa.

Halafu kuna jambo. Katika lile wimbi kubwa linalofagia sitaha na kumbeba baharia, pembeni kushoto unaingia mkono wa mtu. Si wa mwigizaji, maana una koti la mpira la mafundi. Unainuka, kiganja wazi, unakaa fremu kumi na moja, halafu wimbi linaumeza. Ni chini ya nusu sekunde. Sinema hakuna aliyewahi kuuona, ila siku hizi watu wanasimamisha picha na kuikuza, na msimamizi wangu anataka tuufute wasije wakatucheka. Kabla sijaufuta nataka kujua ni wa nani, na alikuwa anasema nini. Kazi tunaikabidhi mwisho wa Aprili.

Mama anakusalimu. Kwa kweli hakusema nikusalimie, lakini hakunikataza.

Mwanao.

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ajili ya kuchelewa. Barua yako imekaa mezani wiki tatu, nikiipita kama mwanafunzi anavyoupita mlango wa mwalimu mkuu. Huku ni uzee na majirani tu. Nimeng'olewa jino la mwisho upande wa kulia, kwa hiyo natafuna upande mmoja kama mbuzi mwenye siri. Binti yangu amehamia ghorofa ya sita, jengo halina lifti. Naona ni njia ya heshima ya kunizuia nisimtembelee.

Umeuliza mvua. Mvua ya Mungu haifai kwa filamu. Kamera haiioni, maji ni kama kioo. Sisi tulitoboa mabomba matundu madogo, tukayaning'iniza juu ya sitaha, na ndani ya tangi tukamimina maziwa. Maziwa yanalipa tone mwili, na ukiweka taa nyuma yake linang'aa. Shida ni joto. Yakichacha, waigizaji wote wananuka kama ndama. Ile picha ambayo mchumba anamkumbatia stelingi huku macho yamemjaa machozi, watu wanasema ni mapenzi. Alikuwa amebana pumzi.

Upepo ulitoka kwenye injini ya ndege iliyostaafu, na mapanga yake yote, tukaizungushia wavu isije ikamnyoa mtu kichwa. Ikiwaka, hata ukipigiwa kelele sikioni husikii. Radi ilikuwa karatasi ya chuma ndefu kuliko mtu. Ukiitikisa taratibu ni ngurumo ya mbali, ukiikurupusha imefika juu ya paa lako. Mwanga wa radi ni vijiti viwili vya makaa vilivyounganishwa na umeme: unavigusanisha, unavitenganisha, unafumba macho. Na ile meli inayoinama kwa mbali ni ndogo kama kitanda. Meli unaweza kuipunguza, tone la maji halipungui; likiangukia meli ndogo linaonekana kama tikiti maji. Dawa yake ni kuikimbiza kamera, ichukue picha nyingi kwa sekunde, kisha ukizionyesha kwa mwendo wa kawaida maji yanakuwa mazito na mavivu kama bahari kweli.

Wimbi kubwa lilikaa kwenye tangi juu ya mnara. Lango la chuma likifunguliwa, tani nne za maji zinashuka kwenye mteremko wa mbao uliopinda mwishoni, zinaruka na kutua juu ya sitaha.

Kuhusu huo mkono, mikono ilikuwa mingi siku zile, na kila mtu alikuwa na koti la mpira. Msimamizi wako ana akili. Ufute.

Msalimie mama yako, na goti lake lipone.

Baba yako Mdogo.

22 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole ya jino. Mama anasema mbuzi mwenye siri hutafuna pande zote mbili. Hilo ni lake, si langu. Mume wangu alirudi, akakaa siku nne, ameondoka tena.

Nilimsomea Mama barua yako. Kwenye maziwa alicheka mpaka akashika goti. Tulipofika kwenye wimbi akainuka. Akasema, "Ndiyo hiyo filamu," akaingia chumbani. Unajua kwetu habari ile haizungumzwi. Ninachokijua ni kile nilichokuwa nikimsikia Mama akimrushia Baba enzi za uhai wake: kwamba alitoa ishara ya kufungua maji kabla ya wakati, kijana wa watu akavunjika nyonga, Baba akafukuzwa kazi. Basi.

Lakini barua yako nimeirudia peke yangu. Umenieleza maziwa, chuma, makaa, hata tikiti. Baba ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi chenu, na hayumo hata mara moja. Tufani imejitengeneza yenyewe.

Nimeukuza ule mkono. Kidole kidogo hakina ncha. Baba alikuwa hivyo tangu alipobanwa na mlango utotoni. Wewe ndiye uliyenisimulia. Nauliza mara ya pili, na naomba unijibu kama unavyomjibu mtu mzima mwenzako. Ni mkono wake? Na kiganja wazi kilikuwa na maana gani kwenu? Maana alipotuvusha barabara, akitaka tusubiri, aliuinua vivyo hivyo.

Nitangoja hadi tarehe thelathini Aprili. Zaidi ya hapo sina uwezo.

Mwanao.

6 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri.

Barua haikuja. Niliomba siku za nyongeza, nikapewa tatu. Sikuwa na sababu ya kumpa msimamizi zaidi ya kidole. Tarehe tatu nikaufuta. Unachukua kipande cha bahari kutoka fremu ya jirani, unakibandika juu ya mkono, unalainisha kingo. Mara kumi na moja. Nilianza baada ya chai, adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Msimamizi alipita nyuma yangu akasema kazi safi.

Ulisema niufute. Nimeufuta.

Mwanao.

21 Mei

Mwanangu,

Leo salamu zingoje, nisije nikajificha ndani yake kama nilivyozoea.

Mkono ni wa baba yako. Kiganja wazi maana yake "ngoja". Ngumi maana yake "achia". Kwa kelele za ile injini hatukuweza kusikilizana, kwa hiyo tulikuwa na ishara hizo mbili tu. Kaka ndiye aliyezitunga, na alizitunga hivyo ili hata mtoto asizikosee.

Ilikuwa siku ya tatu tunaihangaikia picha moja. Mimi nilikuwa juu ya mnara, nimeshika mpini wa lango. Chini kulikuwa na kijana tuliyemwita Paka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuanguka badala ya stelingi na siku zote alitua kwa miguu. Alikuwa ameshika ukingo wa meli, anasubiri wimbi limbebe. Kamera ilishaanza kuchukua picha. Kamba ya kiunoni mwake ikafunguka. Kaka akaiona, akajitokeza karibu na kamera kuliko ilivyoruhusiwa, akainua mkono. Jua lilikuwa linaondoka, na mwongozaji alishatuambia kesho uwanja ni wa watu wengine.

Niliuona mkono, mwanangu. Usinitafutie udhuru kwamba kulikuwa na ukungu wa maji. Niliuona kama ninavyoiona kalamu hii. Nikajisemea kaka amezidi woga, kila siku ngoja, ngoja, na picha itatuponyoka. Nikafungua.

Lilikuwa wimbi zuri kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Hata sasa sijui niliseme vipi hilo. Lilijikunja kama la bahari kuu. Filamu ile hakuna anayeikumbuka ila kwa wimbi lile. Lilimng'oa Paka likampigiza kwenye mlingoti, na safari hiyo hakutua kwa miguu.

Jioni wakubwa wakatuita ofisini mmoja mmoja. Mimi nilitangulia. Nikasema niliona ngumi. Ilikuwa sentensi moja, sikuipanga, ilitoka kama kikohozi. Mke wangu alikuwa mjamzito na niliogopa jela. Lakini wenye wake wajawazito ni wengi, na hawasemi hivyo. Akaitwa kaka. Mlango haukufungwa sawasawa, na masikio yangu wakati ule yalikuwa mazima. Wakamwuliza kama ni kweli alifunga ngumi. Akasema, "Kama mdogo wangu amesema hivyo, basi ndivyo."

Alitoka akanikuta koridoni. Hakunitazama vibaya. Aliniambia nikatafute chakula, sijala tangu asubuhi.

Yeye akafukuzwa, mimi nikapewa kikosi chake. Nimetengeneza tufani miaka kumi na minane kwa ishara zake. Filamu ilipotoka nilienda kuitazama mara moja. Ukumbi mzima ulitazama wimbi. Mimi niliuona mkono ukipita. Nilingoja mtu asimame aseme. Hakuna aliyesimama, taa zikawaka, nikatoka na wengine.

Paka alifariki miaka tisa iliyopita. Alichechemea hadi mwisho, akiamini ni kaka aliyemvunja. Mazishini baba yako alikaa mstari wa nyuma kabisa, na mjane akamwomba aondoke. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Niligeuka nikamwona anavaa kofia yake anaondoka, nikageuza uso mbele.

Kila mwaka nilisema nitamweleza shemeji. Kaka alipougua nikasema akipata nafuu. Alipofariki nikasema msiba upoe kwanza. Sasa ametimiza miaka miwili kaburini. Barua yako ya Machi niliijibu mara nne, na mara nne nikaichana. Tarehe yako niliijua. Siku hiyo ya thelathini nilikaa mezani kutwa nzima na karatasi tupu. Na kabla ya hapo nilishakuandikia "ufute". Umenitii, kama ulivyolelewa.

Sijui nijiite nani hapa chini.

8 Julai

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo alivyonifundisha Baba. Mama hajambo.

Barua yako niliibeba kwenye mkoba siku kumi na mbili bila kumwonyesha mtu. Nilimwendea msimamizi nikamwuliza kama naweza kuurudisha mkono. Akasema nakala zimeshasambazwa. Alisema kwa upole. Hakujua anasema nini.

Nikueleze ilivyokuwa kwetu, kwa kuwa hukuwepo. Baba akawa fundi wa pampu za maji. Kila alichokifunga alikikagua mara tatu, na Mama alikuwa akisema, "Uangalifu umekuja na mvi." Akilikagua jiko kabla ya kulala sisi watoto tulimcheka. Akitukataza kukimbia ngazini, Mama alimkatiza: "Wewe ndiye wa kumfundisha mtu kungoja?" Baba aliendelea na alichokuwa akikifanya, kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha. Nilidhani ni aibu inayomziba mdomo. Nami nilimwonea aibu. Shuleni walipouliza baba zetu walifanya kazi gani zamani, nilisema wangu alikuwa dereva.

Nilimsomea Mama Jumapili, tulipomaliza kula. Hakulia. Aliuliza kama mkanda wenyewe upo. Nikamwambia upo kwenye kopo lake, ule wa asili hatuugusi. Jumatatu nikampeleka ghalani, ngazi zote zile na goti lake. Nikautandaza mkanda kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, nikampa lenzi ya kukuzia. Aliutazama ule mkono fremu baada ya fremu, zote kumi na moja, kisha akarudi mwanzo. Akaniuliza, "Hapa alikuwa anasema ngoja?" Nikasema ndiyo. Baada ya muda akauliza tena, kana kwamba nilikuwa sijajibu.

Anataka uje. Maneno yake ni haya: barua haina uso, aje aseme mbele yangu. Mimi mwenyewe sijui kama nataka kukuona. Wiki ya kwanza ya Agosti nitasafiri na mume wangu kwenye lori. Njoo wakati huo.

19 Agosti

Mwanangu,

Nilifika, na nimerudi salama. Asante kwa shuka safi, na kwa kile kikaratasi ulichobandika bafuni kunionya kuhusu bomba. Goti la shemeji naliona ni bora kuliko mlivyokuwa mkiniandikia, au labda alilikaza kwa ajili yangu. Amesema mimi ndiye nikuandikie yaliyosemwa, kwa kuwa yeye hayarudii.

Alinikalisha kwenye kiti kinachoelekea dirisha apate kuuona uso wangu. Nikasema yote, tangu mnara hadi ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akataka nirudie ile sentensi niliyowaambia wakubwa. Nikairudia. Akasema hakuisikia vizuri. Nikaisema kwa sauti, mpaka nadhani jirani zenu waliisikia.

Halafu akakisogeza kiti chake, akaongea karibu na sikio langu, polepole, nisipoteze neno:

"Wewe uliusema uongo huo siku moja. Mimi nilimsimanga nao kila siku, miaka thelathini. Na mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, nikamjua alivyo."

Nilitaka kumwambia kosa si lake. Akasema nisimpunguzie, kila mtu abebe lake. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Nakueleza hili usije ukadhani nilirudi nikiwa mwepesi.

Nikaona nimemaliza nililoitiwa, nikainuka. Akaniuliza naenda wapi. Kisha akauliza kaka alikuwaje kazini, kabla ya siku ile. Alisema hakuwahi kumwuliza mwenyewe. Mwanzoni alichoshwa na habari za maji na mabomba, na baadaye hakutaka kuzisikia. Basi nikakaa tena. Nikamweleza alivyokuwa akipima maji kwa kiwiko kabla waigizaji hawajamwagiwa, kama mtu anayeogesha mtoto. Alivyosimama yeye kwanza chini ya kila wimbi jipya, kabla hajamruhusu mwingine. Na ule mwaka aliotengeneza theluji kwa manyoya ya mito, akapiga chafya wiki nzima, na mwongozaji akaharibikiwa picha sita. Shemeji alicheka mara mbili. Mara ya tatu akainuka akaenda jikoni, akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Asubuhi akanigongea mlango, akasema nimwendelezee. Siku ya tatu hadithi ziliniishia, nikaanza kurudia zile za kwanza. Alijua narudia. Hakunikatiza.

Mdogo wa baba yako.